Serikali isomeshe kila mtu chuo bure? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka mjadala huu unaanza upya, alafu Bodi ya Mikopo ikitoa bachi ya kwanza ya majina ndo unawaka kabisa, huyu kapata asilimia mia ya mkopo, huyu kaambulia ishirini, na wametoka shule moja kijiji kimoja. Nimekusanya hapa maswali ambayo watu wanauliza sana na majibu yangu. Nina upande wangu na sitauficha, ila wale wa upande wa pili nao wana hoja, tena nyingine nzito, kwa hiyo nimeziweka.

Kwani chuo hapa kwetu hakijawahi kuwa bure?

Kimewahi, tena kwa miaka mingi tu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza 1961 kama tawi la Chuo Kikuu cha London pale Mtaa wa Lumumba, na kitivo kimoja tu cha sheria, wanafunzi hawafiki hata ishirini. Baada ya uhuru serikali ikabeba mzigo wote: ada, chakula, malazi, mpaka nauli ya kurudi nyumbani likizo. Wazee waliosoma enzi hizo ukikaa nao watakwambia walikuwa wanapewa kila kitu na bado hela ya matumizi juu.

Ila isije ikaeleweka kwamba ilikuwa zawadi. Serikali ilikuwa inawasomesha kwa sababu iliwahitaji, nchi ilikuwa na wahandisi na madaktari wa kuhesabu. Na ilitaka irudishiwe kwa njia nyingine, ndo maana 1966 wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya kwenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara kwa kipindi hicho, Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, na papo hapo akajikata mshahara wake mwenyewe asilimia 20. Kwa hiyo hata kwenye ile "bure" ya zamani tayari kulikuwa na ugomvi wa nani anamdai nani.

Basi kwa nini ikaachwa?

Hela iliisha na watu wakaongezeka, ndo jibu fupi. Uchumi wa miaka ya 80 mnaujua au mmesimuliwa, foleni za sukari, serikali inakopa ili ijiendeshe, alafu wakaja IMF na Benki ya Dunia na masharti yao. Mwanzoni mwa miaka ya 90 ndo ikaingia lugha ya "uchangiaji", mzazi anaanza kulipia vitu vidogo vidogo, kidogo kidogo mzigo unahamia kwake. Vyuo binafsi navyo vikaruhusiwa. Mwaka 2004 ikatungwa sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu na Bodi ikaanza kazi 2005. Tangu hapo msaada wa serikali kwa mwanachuo wa kawaida ukaitwa mkopo, na mkopo unarudishwa.

Sasa hivi nani analipa?

Inategemea Bodi imekuonaje. Unaomba kwa mtandao, unaweka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), kama umefiwa na mzazi unaweka cheti cha kifo, kama kaya yenu iko TASAF (mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini) unaweka namba, unatafuta mdhamini, alafu Bodi inapiga hesabu zake na kukwambia familia yako inaweza kuchangia kiasi gani. Kilichobaki ndo mkopo wako. Umegawanyika vipande: chakula na malazi (hii ndo bumu), ada, vitabu na stationari, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, utafiti.

Pembeni ya hapo kuna Samia Skolashipu iliyoanza 2022 kwa wale waliofanya vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita, hiyo hairudishwi. Na kuanzia 2023 mikopo imeanza kwenda mpaka diploma kwa kozi za kipaumbele. Hatua nzuri, ila ni wachache bado.

Si mkopo upo? Sasa tatizo nini?

Tatizo ni hizo asilimia. Hapa naomba mnivumilie maana ndo kiini cha ninachotaka kusema.

Mtoto wa mkulima wa Kibondo kapangiwa kozi ya miaka minne, Bodi ikampa mkopo wa asilimia 40 ya ada na bumu pungufu. Kwenye makaratasi serikali imemsaidia, kwenye takwimu yumo, ni mnufaika. Kiuhalisia umempa mtu nusu nauli ya Dar kwenda Mwanza ukamshusha Singida. Atafika chuo, atasajiliwa kwa ahadi, semesta ya kwanza atavumilia, semesta ya pili chuo kitamzuia kuingia kwenye mtihani kwa sababu hajamaliza ada, ataahirisha mwaka, na baadhi yao hawarudi tena. Na hapo tayari anadaiwa! Ana deni la Bodi na hana digrii. Huyu angekosa kabisa angejua moja, angeenda kutafuta maisha kwingine mapema, na angepata yote angemaliza. Hiyo nusu ndo inayoumiza.

Alafu ukiuliza hiyo 40 imepatikanaje unaambiwa ni upimaji wa uwezo. Upimaji wa uwezo wa nani? Tanzania walio wengi wako kilimo na biashara ndogondogo, hawana hati ya mshahara, mwaka huu korosho imelipa mwaka kesho haijalipa, baba ana ng'ombe ambao hauzi ila kwa msiba. Huyo unampimaje kwa fomu? Unaishia kuangalia vitu vinavyoonekana kwenye karatasi, kwa mfano mtoto alisoma sekondari ya kulipia, kumbe alilipiwa na padri au mjomba ambaye siku hizi hayupo.

Wakifuta ada si yameisha?

Hapana. Hapa watu wengi sana wanakosea hesabu, wakisikia "bure" wanawaza ada peke yake.

Ada kwenye vyuo vya serikali kwa kozi nyingi ni milioni moja na kitu kwa mwaka. Sasa angalia bumu. Posho ya chakula na malazi ilikuwa 8,500 kwa siku, ndo ile laki tano na kumi maarufu ya siku sitini, ikapandishwa ikawa 10,000. Kwa siku sitini ni laki sita, na mwaka wa masomo una awamu kama nne hivi, jumla unaongelea milioni mbili na zaidi. Yaani kuishi kunazidi kusoma! Ukifuta ada ukaacha bumu, mtoto wa Masaki, Dar, anayelala nyumbani kwao na kula kwao amepona kabisa, mtoto wa Namtumbo bado anapiga pasi ndefu (anaruka milo) kwenye gheto la watu wanne.

Kwa hiyo mtu akija na hoja ya "tufute ada" muulize kwanza na chakula je. Asipokuwa na jibu basi anaongelea watoto wa mjini.

Kwa nini kodi ya muuza mchicha imsomeshe mtoto wa mkurugenzi?

Hii ndo hoja nzito kuliko zote za wanaopinga na sijui kwa nini wanaotetea bure wanaikwepa.

Angalia namba. Kila mwaka wanaofanya mtihani wa kidato cha nne ni zaidi ya laki tano, wanaofanya wa kidato cha sita ni kama laki moja na kidogo. Wengine wameenda vyuo vya kati, sawa, lakini wengi wameishia njiani, na walioishia njiani sio watoto wa mkurugenzi. Mchujo mkubwa unafanyika mapema kabla hata mtu hajasikia neno TCU (Tume ya Vyuo Vikuu). Kwa hiyo anayefika getini chuo kikuu tayari amebebwa na mengi: shule yenye walimu wa fizikia, mwanga wa kusomea, mzazi ambaye hakumwambia aolewe. Sasa mama anayeuza mchicha Buguruni, kila akinunua sabuni na vocha analipa kodi, mwanae kaishia kidato cha nne na sifuri, umwambie kodi yake inamlipia mwanasheria mtarajiwa ambaye kesho atapata mshahara mara kumi ya kipato chake? Na harudishi hata senti?

Uganda wanalijua hili. Kwa miaka mingi serikali yao imekuwa inafadhili wanafunzi kama 4,000 hivi kwa mwaka vyuo vya umma, nafasi nyingi kwa kufuata alama, na wenye alama kubwa ni wale wa shule kubwa za gharama. Ikabidi waongeze nafasi za wilaya ili watoto wa vijijini nao waonekane, na wasichana walianza kuongezewa pointi 1.5 tangu 1990. Makerere yenyewe tangu miaka ya 90 imejaa wanaojilipia, na mara nyingi aliyejilipia ndo ana familia dhaifu kuliko aliyelipiwa na serikali. Kichekesho, ila ndo hivyo.

Kwa hiyo mimi sitetei bure ya kutorudisha. Nakubaliana na mama wa mchicha.

Basi tuwape maskini tu, wenye uwezo wajilipie. Ngumu nini hapo?

Ngumu ni kumjua maskini. Majirani zetu Kenya wamejaribu kwa nia nzuri kabisa na tumeona.

Mei 2023 Rais Ruto alitangaza mfumo mpya, ile hela iliyokuwa inapelekwa chuoni moja kwa moja ikageuzwa ifuate mwanafunzi. Wakagawa familia makundi matano, wanaita "band". Kundi la kwanza, kaya zenye kipato kisichozidi kama shilingi 6,000 za Kenya kwa mwezi, serikali inatoa skolashipu asilimia 70, mkopo 25, familia 5. Kundi la tano, wenye kipato cha zaidi ya 120,000, skolashipu 30, mkopo 30, familia inajikamua 40. Ukiisoma unasema kweli hawa wamefikiri.

Shida ikaja kwenye kupanga nani akae wapi. Mtoto wa mama mboga anajikuta kundi la tano, anaambiwa akate rufaa, vyuo vinadai hela, Bodi yao ya mikopo, HELB, imechelewa, mzazi hajui hata hiyo "band" ni kitu gani. Mwaka 2024 wanafunzi wakatishia mgomo nchi nzima, Ruto akaunda kamati, na Desemba mwaka huo Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akasema mfumo ule unakiuka katiba, mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaisimamisha hukumu hiyo. Yaani mwanafunzi wa mwaka wa pili hajui hata analipa kwa utaratibu upi.

Na Kenya ina rekodi za kodi, M-Pesa kila kona, taarifa nyingi kuliko sisi. Kama wao wameshindwa kumtambua maskini kwa fomu, sisi tunajidanganya.

Kwa hiyo wewe unataka nini hasa?

Nataka tupime uwezo mtu akiwa anatoka, tusimpime akiwa anaingia.

Maana yake: ukipata nafasi chuo, serikali inalipa yote, ada na bumu kamili, bila kuuliza baba yako ana baiskeli au V8. Hakuna asilimia, hakuna bachi ya nne mwezi wa kwanza wakati wenzako wameshafanya testi. Ukimaliza na ukaanza kuingiza kipato kinachozidi kiwango fulani, unakatwa. Ukipata kikubwa unakatwa kikubwa na unamaliza mapema, ukipata kidogo unakatwa kidogo, ukiwa huna hukatwi. Kipato cha baba mkulima hakijulikani, lakini mshahara wa mwanae akiajiriwa unajulikana mpaka senti ya mwisho, kitambulisho cha NIDA kipo, TIN (namba ya mlipakodi) ipo, TRA (mamlaka ya mapato) ipo.

Mtoto wa mkurugenzi naye atasoma kwa hela ya serikali, sawa, na yeye atarudisha. Tena yule ndo atapata kazi haraka kwa hiyo atarudisha wa kwanza.

Sijabuni mimi. Australia walifuta ada 1974, wakaona hawawezi kuendelea, 1989 wakaanza mfumo wa namna hii, serikali inalipa na mamlaka ya kodi inakusanya baadaye kulingana na kipato. Uingereza nao wanakata asilimia 9 ya kile kinachozidi kiwango kilichowekwa, chini ya hapo hukatwi kitu.

Si ndo hivyo hivyo sasa hivi? Tunakatwa tayari.

Tunakatwa, ila angalia tunavyokatwa. Tangu marekebisho ya sheria ya 2016 makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kabla ya hapo ilikuwa 8. Na hiyo 15 haina kiwango cha chini, mwalimu anayeanza kazi Kaliua na bosi wa taasisi wote 15. Mwalimu akitoa PAYE (kodi ya mshahara), mfuko wa hifadhi ya jamii, bima, chama cha wafanyakazi, na 15 ya Bodi, anabaki na kitu cha kumtia aibu mbele ya wazazi waliouza shamba ili asome.

Alafu kulikuwa na ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, kila mwaka inaongezeka juu ya deni, mtu analipa miaka na deni halishuki, wengine lilikuwa linapanda. Rais Samia aliifuta, alitangaza Mei Mosi 2021 pale Mwanza na uwanja ulilipuka. Iliumiza watu sana ile, na nadhani ndo iliyofanya neno mkopo lichukiwe kiasi kwamba sasa ukimwambia mtu "soma bure alafu urudishe" anasikia mtego.

Kwa hiyo ndio, mifupa ya mfumo ninaousema ipo tayari. Kinachokosekana ni ukamilifu kule mwanzoni na huruma kule mwishoni.

Na wasiopata ajira? Si hela imepotea?

Nyingine itapotea, ndio. Tuseme ukweli tu. Kuna watakaomaliza wakawa bodaboda miaka mitano, kuna watakaohamia nje, kuna watakaofariki. Aliyejiajiri kisheria naye anatakiwa alipe kila mwezi lakini nani anamfuata huyo mwenye duka la spea Kariakoo.

Ila hata sasa inapotea, maana huyu huyu asiye na ajira tayari anadaiwa na halipi. Tofauti ni kwamba sasa tunapoteza hela na tunapoteza pia wale walioishia mwaka wa pili kwa kukosa nusu iliyobaki. Wale wa kundi hili ndo hasara kubwa, kwa sababu hao hata wakitaka kulipa hawana digrii ya kuwapatia hicho kipato cha kulipia.

Hela itoke wapi?

Bajeti ya mikopo 2020/21 ilikuwa bilioni 464, 2024/25 ikafika bilioni 787, kwa wanafunzi zaidi ya laki mbili. Bajeti nzima ya serikali mwaka huo ilikuwa trilioni 49 na ushee, kwa hiyo mikopo haifiki hata asilimia mbili. Imepanda haraka na hakuna kilichoanguka. Sisemi ni rahisi kuongeza tena, kila wizara ina foleni yake, maji, barabara, zahanati, na ajaye kuniambia zahanati ya kijiji ni muhimu kuliko bumu la mwanachuo sitabishana naye.

Ndo maana marejesho ni lazima. Hela ikirudi inasomesha wengine, isiporudi kila mwaka ni kuomba upya hazina. Na ningeanza na vyuo vya serikali kwanza, ambako ada inajulikana na haipandi ovyo.

Vyuo binafsi je?

Walipiwe kwa kiwango kile kile cha chuo cha serikali kwa kozi ile ile, ziada ni juu ya mzazi. Kuna udaktari binafsi unazidi milioni tano kwa mwaka, serikali ikisema italipa chochote kinachodaiwa basi kesho itakuwa milioni kumi.

Mbona Ujerumani wanasoma bure na hawarudishi?

Kweli, ada hakuna. Kuna majimbo yaliweka kama euro 500 kwa semesta kuanzia 2006 na 2007, watu wakagoma, wanasiasa wakapoteza kura, mpaka 2014 majimbo yote yakawa yamefuta. Jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wageni kutoka nje ya Ulaya euro 1,500 kwa semesta, kwa wale mnaopiga hesabu za kwenda.

Ila Mjerumani anakatwa kodi ambayo ukionyeshwa hati yake ya mshahara utalia. Na kule vijana wengi hawaendi chuo kikuu, wanaenda kujifunza ufundi kiwandani huku wanalipwa, na fundi anaheshimika. Hela ya kuishi kwa mwanachuo asiye na uwezo inatolewa pia lakini nusu yake ni mkopo, anarudisha, tena kuna kikomo hakizidi euro elfu kumi na kidogo. Hata wao hawakutoa kila kitu bure. Watu wanachukua kipande kimoja cha Ujerumani wanaacha vingine.

Afrika Kusini waliandamana wakapata, si tuandamane?

Oktoba 2015 waliandamana kweli, #FeesMustFall, chuo kwa chuo mpaka wakafika Pretoria kwenye ofisi za Rais. Desemba 2017 Zuma akatangaza watoto wa familia zenye kipato kisichozidi rand 350,000 kwa mwaka wasome bure. Ni ushindi mkubwa na mimi siudharau, watoto wengi wa vitongojini wamesoma kwa ajili ya wale.

Lakini wakaibuka wale wa katikati. Mama nesi baba polisi, wamezidi kiwango kwa kidogo tu, hawana sifa ya msaada na hawana uwezo wa kulipa. Kila ukichora mstari kuna anayekaa sentimita moja upande mbaya. Na mfuko wao wa kusomesha wanafunzi, NSFAS, ukawa na yale yale ya kuchelewesha, wanafunzi wanafukuzwa vyumbani kwa kodi ambayo mfuko haujalipa.

Marekani?

Biden alitaka kuwafutia watu mpaka dola 10,000, wengine 20,000, Mahakama ya Juu ikakataa Juni 2023. Kule tatizo ni bei ya chuo yenyewe na riba, sio mfano wa kutufundisha sana sisi ambao ada ya Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) ni kama milioni na nusu. Tuendelee.

Kitu cha bure hakithaminiwi, watoto watakaa chuo miaka saba wanakula bumu.

Nimeisikia sana hii, mara nyingi kutoka kwa wazee waliosomeshwa bure kabisa na wakawa mawaziri. Wao walithamini?

Ukidisko (ukifeli ukaondolewa chuo) umedisko, hiyo sheria ipo na ibaki. Serikali ilipe miaka ya kozi, ukirudia mwaka kwa uzembe unajilipia mwenyewe, kwa ugonjwa ni jambo jingine. Na kumbuka bado ni deni, sio sadaka.

Digrii za nini wakati hakuna ajira? Si bora hela iende VETA (vyuo vya ufundi stadi) na shule za msingi?

Hapa mnanigusa maana nakubali nusu. Elimu bila ada ilianza 2016 kwa kidato cha kwanza mpaka cha nne, 2022 ikafika cha tano na sita, na kila aliyeingia darasani siku za karibuni ameona matokeo yake, watoto wamejaa, walimu hawatoshi, hisabati inafundishwa na aliyebahatika kuwepo. Kama kweli kuna shilingi moja tu na lazima ichague, mimi naipeleka kwa mwalimu wa hisabati wa sekondari ya kata kabla ya kuipeleka chuo. Huyo ndo anaamua mama wa mchicha naye apate mtoto chuoni.

Lakini mwalimu huyo wa hisabati anatoka wapi kama sio chuo? Na VETA iingie kwenye mfumo huu huu, kijana anayesomea uchomeleaji au umeme wa magari naye alipiwe yote alafu akatwe akipata. Sioni sababu ya mwanasheria kukopeshwa na fundi kuambiwa ajitegemee. Kuanza kukopesha diploma kumeshafungua huo mlango.

Zanzibar nao wako kwenye Bodi hii?

Wana bodi yao wenyewe. Mjadala ni ule ule.

Wanasiasa wakiahidi "chuo bure kwa wote" niwaulize nini?

Waulize matatu. Bumu limo au ni ada tu? Diploma na VETA wamo? Na mwaka mnaoanza, wale walioko mwaka wa pili na wa tatu wenye asilimia 30 mnawafanyaje? Hili la tatu ndo huwa halina jibu. Wengi wanaahidi kwa wanaokuja kwa sababu ni rahisi, waliopo tayari wamepanga foleni ya uhasibu.

Haya tumebishana vya kutosha. Mimi nimepangiwa asilimia ndogo sasa hivi, nifanyeje?

Usiache kusajiliwa kwa hasira. Bodi ikishamaliza kutoa bachi huwa inafungua dirisha la rufaa kwenye akaunti yako ile ile ya SIPA uliyoombea mkopo, na linafungwa haraka, kwa hiyo ingia mara kwa mara. Rufaa ya maneno matupu "naomba mnifikirie" haisaidii, weka karatasi mpya ambayo hawakuwa nayo: cheti cha kifo kilichohakikiwa RITA, barua ya ustawi wa jamii, uthibitisho wa ulemavu wako au wa mzazi, namba ya kaya ya TASAF kama uliisahau. Angalia pia majina, wengi wanakwama kwa sababu cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Rehema na cha kidato cha nne Rehma, Bodi inaona watu wawili.

Kisha nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi chuoni kwako mapema, kabla ada haijaanza kudaiwa, uombe kulipa kwa awamu. Vyuo vingi vinakubali ukienda Novemba. Ukienda wiki ya mitihani wanakuangalia tu.